Kimondo cha mawe kutoka jangwani: sumaku, X-ray, hadubini au mikroprobu?

Wiki kadhaa zilizopita shemeji yangu, dereva wa lori njia ya Muscat na Salalah, alinitumia picha ya jiwe. Jeusi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, limekaa peke yake juu ya chokaa nyeupe kule Jiddat al Harasis, si mbali na Haima. Chini ya picha kaandika: "Shemeji, hili ndilo lenyewe?" Nikamwambia asiliokote, aweke sarafu pembeni apige picha nyingine, na anitumie namba za GPS. Picha ya pili ilipofika niliona gamba jeusi lililopasukapasuka, na ubavuni michirizi ya kutu. Nikamjibu kwamba inaelekea ndilo: kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani. Hapo hapo likaja swali lililonifanya niandike haya: "Sasa la aina gani? Na litapimwa vipi?"

Kazi yangu ni kukata na kusaga mawe yapate kutazamwa kwa hadubini, na swali hilo haliishi mlangoni kwangu. Mmoja huja kashaambiwa sumaku inatosha. Mwingine kaambiwa kama hana mashine ya elektroni asijisumbue. Wote wawili wameambiwa kweli, ila kila mmoja kwa swali lake. Ndiyo maana naziweka hapa njia nne bega kwa bega, ili mwenye jiwe ajue aanzie ipi na aishie ipi.

Ila kwanza la sheria, kwa sababu limewatia watu matatani. Oman hairuhusu kimondo kitolewe nchini bila kibali cha serikali. Aliyeliona jiwe huko aripoti mahali alipoliona kabla ya kulitia kwenye begi, na asikubali kulipeleka nje kwa ahadi ya mtu yeyote. Nchi nyingine zina sheria zake. Ziulize kabla ya kugusa msumeno.

Vigezo: tunatafuta jibu gani?

Ndani ya neno "kuainisha" mna maswali manne, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza: jiwe limetoka angani kweli? La pili: ni la kundi gani? Vimondo vingi vya mawe ni kondraiti za kawaida, yaani mawe yenye vijiduara vya madini viitwavyo kondruli, na hizo zina makundi matatu. H ina chuma kingi, kama asilimia 15 hadi 19 ya uzito wake ni chuma tupu chenye nikeli. L ina asilimia 4 hadi 10. LL haifiki hata asilimia 3. La tatu: lilipikwa kiasi gani ndani ya mwili mama, yaani mwamba mkubwa wa angani lilikotoka, kabla halijavunjika na kutangatanga angani? Hilo hujibiwa kwa namba, 3 hadi 6; kadiri namba inavyopanda ndivyo moto ulivyofuta umbo la asili. La nne: limechakaa kiasi gani tangu lianguke? Hapo tuna madaraja W0 hadi W6, na pembeni yake S1 hadi S6 kwa mishtuko iliyolipata huko juu. Ukisoma "H5, W3" kwenye lebo ya makumbusho, umesoma majibu hayo yakiwa yamefupishwa.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza mambo yale yale: inajibu maswali yapi, inakula jiwe kiasi gani, kutu ya jangwani inaidanganya vipi, na inamfaa nani.

Hilo la kutu ndilo zito kuliko yote. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vilipomwagika Mbale, Uganda, watu waliviokota vingali vipya, na chuma chake kiking'aa ndani. Kipande kimoja kidogo, kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba, kilimpiga mtoto kichwani bila kumdhuru. Jiwe kama hilo ukilipima mwitikio wake wa sumaku litakwambia kweli yake: ni kundi L. Jiwe la jangwani ni jingine. Huenda limelala pale makumi ya maelfu ya miaka. Jangwa tunaliita kavu, lakini Jiddat al Harasis hupata ukungu kutoka Bahari ya Arabuni, na unyevu huo huingia kwenye nyufa usiku baada ya usiku. Chuma huliwa kwanza. Salfidi ya chuma hufuata. Olivini na piroksini, yaani madini ya mwamba wenyewe, huguswa mwisho kabisa. Kwenye W2 kutu imekula kati ya asilimia 20 na 60 ya chuma. Kwenye W4 imekula zaidi ya asilimia 95. Olivini huanza kushambuliwa kwenye W5 tu. Basi kabla hujachagua njia, jiulize: kipimo hiki kinasoma chuma, au kinasoma olivini?

Njia ya kwanza: macho, dira, mizani na dirisha dogo

Hii kila mtu anayo. Lenzi ya kukuzia mara 10, dira, mizani ya jikoni, chombo cha maji, kipande cha kigae upande usio na ng'aro, na msasa.

Inajibu swali la kwanza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tafuta gamba jeusi jembamba la kuungua, pembe zilizolainika, na kutokuwepo kwa vitundu vya povu. Pima uzito hewani, kisha uzito wa maji yanayosukumwa jiwe likizamishwa lote huku limening'inizwa kwa uzi, na ugawanye wa kwanza kwa wa pili. Chokaa na mawe ya kwazi hutoa kama gramu 2.6 au 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo. Kondraiti ya kawaida hukaa kati ya 3.2 na 3.7. Sugua pembe kwenye kigae: mstari mwekundu ni hematiti, mweusi ni magnetiti, na hapo mara nyingi safari imeishia. Kimondo kisichochakaa sana hakiachi mstari wa maana, ingawa chenye kutu nyingi huacha kahawia, kwa hiyo usihukumu kwa kigae peke yake.

Kisha dirisha. Saga kona moja, upana wa ukucha wa kidole kidogo, hadi ing'ae. Ukiona vidoto vya chuma vinavyometameta vimetawanyika kwenye mwamba wa kijivu au kahawia, na baina yake vijiduara kama punje za mtama, umeziona kondruli. Hakuna jiwe la Duniani lenye vitu hivyo.

Jiwe unalopoteza ni vumbi tu. Jangwa huidanganya njia hii kwa namna mbili: upepo wenye mchanga hulichuna gamba la kuungua, na rangi nyeusi inayong'aa ya jangwani hulipaka jiwe la kawaida likaonekana limeungua. Jiwe likigeuzwa, upande wa chini ukiwa na ukoko mweupe wa chokaa, usikate tamaa; vimondo vya Oman huwa nao mara nyingi.

Kuhusu sumaku nina ombi. Zile sumaku ndogo kali zinazouzwa siku hizi zisilisogelee jiwe. Kimondo cha Mars kiitwacho NWA 7034, gramu 320, kilichonunuliwa Morocco mwaka 2011, kina fuwele zenye umri wa miaka bilioni 4.4 hivi, na kingeweza kutueleza habari za uga wa sumaku wa Mars ya kale. Wataalamu walipokipima walikuta kumbukumbu hiyo imefutwa na sumaku za mikononi mwa watu. Inaniuma kila nikiikumbuka. Tumia dira: lisogeze jiwe taratibu, uone kama sindano inageuka. Inatosha.

Inamfaa aliye porini, mwalimu na wanafunzi wake, na yeyote mwenye mawe kumi anayetaka kujua ni lipi la kuhangaikia. Kundi na namba haitoi.

Njia ya pili: vipimo vya mkononi

Hapa kuna vyombo viwili, na ninaviweka pamoja kwa sababu vyote vinashikwa mkononi na havikati jiwe.

Kimoja hupima jiwe linavyoitikia uga hafifu wa sumaku kwa kila kilo, na jibu huandikwa kwa kipimo cha logi. Kwa vimondo vilivyookotwa vipya wastani wa H ni kama 5.3, L kama 4.9, LL kama 4.1. Sekunde chache, hakuna vumbi, na uga wake hauharibu kumbukumbu ya jiwe. Kwenye makumbusho yenye mamia ya vipande, hiki ndicho chombo cha kwanza kushika: kinagundua lebo iliyobadilishwa na jiwe la kigeni lililochanganyika na mengine.

Jangwani sasa. Kinasoma chuma, na chuma ndicho kilicholiwa. H iliyochakaa hushuka hadi mahali pa L, na L hadi mahali pa LL. Niliwahi kupima jiwe moja likasoma 4.8, nikaandika L kwenye daftari kwa wino. Nilipolikata, spiriti ya kukatia iligeuka rangi ya chai ya mkandaa. Chini ya hadubini chuma karibu chote kilikuwa kimegeuka mishipa ya kutu, W4 ya wazi. Olivini yake ilipopimwa baadaye ikasema H5. Kosa lilikuwa langu: nilisoma kutu nikadhani nasoma kundi. Kipimo hiki kikikupa namba ya jiwe la jangwani, ichukue kama kiwango cha chini: jiwe lilikuwa hivyo au zaidi.

Chombo cha pili ni bunduki ya X-ray, ndugu ya ile mashine ya kupimia dhahabu kwenye maduka ya masonara. Inataja elementi na kiasi chake. Nikeli ndiyo inayosema zaidi: kondraiti ya kawaida ina nikeli kama asilimia 1 hadi 1.7 ya jiwe zima, ilhali mawe mengi ya Duniani hayakaribii hata nusu ya hapo. Uwiano wa chuma na manganizi nao husaidia kutenga jiwe la Mwezi, la Mars na la Vesta, ile asteroidi kubwa, kwa sababu kila mwili una uwiano wake.

Mambo mawili huwaangusha watu. Mashine ya sonara imetayarishwa kusoma metali, si mwamba, na ukiielekeza kwenye jiwe itakupa namba nzuri zisizo na maana. Omba iliyopangwa kwa ajili ya mawe. La pili, pima uso uliokatwa. Gamba la nje limekusanya manganizi ya jangwani, na strontiamu na bariamu hupenya kutoka kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Wachunguzi wa vimondo vya Oman huzitumia hizo mbili kama dalili ya muda ambao jiwe limelala, kwa hiyo hata uchafu una habari yake. Ila si habari ya kundi.

Njia hii inamfaa mwenye mkusanyiko mkubwa, na anayetaka kujua haraka kama jiwe lake ni la kawaida au la ajabu kabla hajalipia maabara.

Njia ya tatu: kipande chembamba chini ya hadubini

Hii ndiyo kazi yangu, nisamehewe nikikaa hapa kidogo.

Tunakata kipande bapa kama biskuti ndogo. Jiwe la jangwani huvunjikavunjika, kwa hiyo tunalinywesha gundi ya epoksi kwanza, tuisubiri ikauke. Tunabandika kwenye kioo, tunasaga, tunapima, tunasaga tena, hadi unene ubaki milimita 0.03. Hapo mwamba uliokuwa mzito kama nyundo unapitisha mwanga. Ukiweka vichujio viwili vya polaraizi, olivini inawaka bluu, waridi na kijani. Kondruli moja ina pau sambamba kama nondo za dirisha. Ya pili yake imejaa vipande kama kioo cha msikiti. Ya tatu imetawanyika kutoka pembeni kama unyoya. Nimeangalia mamia, na bado hunyamaza kila ninapoiweka mpya.

Swali la tatu linajibiwa hapa kuliko popote. Kwenye namba 3 kondruli zina kingo kali na kioo bado kimo ndani. Kwenye 4 kingo zipo, kioo kimekwisha geuka. Kwenye 5 zimefifia, na chembe za feldispa, madini mengine ya mwamba, zimekua hadi mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwenye 6 chembe hizo zimepita mikroni 50 na kondruli unaitafuta kwa kidole. Daraja la mshtuko linatoka hapa pia, kwa jinsi olivini inavyozimika unapozungusha meza: ikizimika mara moja, jiwe halikusumbuliwa; ikizimika kwa mawimbi, liligongwa kidogo; ikizimika vipandevipande, liligongwa sana. Daraja la W linahitaji kuangalia uso uliong'arishwa kwa mwanga unaorudi, uhesabu chuma kilichobaki na kutu iliyochukua nafasi yake.

Kundi ndilo hulipati kwa uhakika. Ukubwa wa kondruli hukudokezea, maana za H ni ndogo, kama milimita 0.3, na za LL hukaribia mara mbili au tatu ya hapo. Kwa jiwe la namba 6 dokezo hilo halipo.

Jiwe linalopotea ni gramu chache, na unene wa msumeno juu yake. Kutu hapa haidanganyi. Inaonekana ilivyo, na ndiyo faida yake. Inamfaa anayetaka kulielewa jiwe lake, na chuo kisicho na mashine kubwa lakini chenye hadubini ya miamba, ambayo idara nyingi za jiolojia wanayo.

Jambo moja la vitendo, na tafadhali lishike: mwambie fundi akutengenezee kipande kilichong'arishwa na kisichofunikwa kioo juu. Kikifunikwa, mikroprobu, ile mashine ya elektroni ya njia ya nne, haiwezi kukisoma, na itabidi jiwe likatwe tena.

Njia ya nne: mikroprobu ya elektroni

Mwale wa elektroni wenye upana wa mikroni moja hivi unaigonga chembe ya olivini, nayo inatoa X-ray zinazotaja kilichomo. Tunachotafuta ni sehemu ya fayaliti, yaani chuma kilichofungwa ndani ya olivini yenyewe. H hukaa takriban 16 hadi 20 kwa mia, L takriban 22 hadi 26, LL takriban 27 hadi 32. Piroksini hupimwa pia, ili majibu mawili yathibitishane.

Sasa uone kwa nini naiheshimu kwa mawe ya jangwani. Ile H yangu ya W4 ilikuwa imepoteza karibu chuma chake chote, lakini chuma kilichomo ndani ya olivini hakikuondoka. Mikroprobu ikasoma 18. Na kama chembe moja ina 12 na jirani yake 25, huo ni ujumbe mwingine: jiwe ni la namba 3, halikupikwa, na ni la thamani kubwa kwa sayansi.

Udhaifu wake? Haikuonyeshi picha pana. Mtu akipima chembe 20 bila kutazama kipande kizima anaweza kupima sehemu moja ya jiwe lililochanganyika, akakosa nyingine. Saa za mashine zina foleni na gharama, kipande hupakwa kaboni kwanza, na mwendeshaji mzuri hapatikani kila mji. Kwa W5 na W6, ambako olivini yenyewe imeliwa, hata yenyewe hubaki kutafuta chembe zilizosalia.

Inamfaa anayetaka jina rasmi. Kamati ya majina ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa vimondo, inayochapisha Meteoritical Bulletin, hutaka uainishaji wa namna hii na sampuli ihifadhiwe kwenye taasisi inayotambulika: gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, lile lililo dogo. Jiwe la gramu 60 litatoa 12. La nusu kilo litatoa 20 tu. Kwa Oman majina hufuata eneo: Dhofar, Jiddat al Harasis, Sayh al Uhaymir, kila moja na namba yake.

Mawe yasiyo na kondruli

Njia zote nne zikikuonyesha mwamba uliowahi kuyeyuka, usio na kondruli wala chuma, usilitupe. Sayh al Uhaymir 169, iliyookotwa Januari 2002 na wachunguzi wa Uswisi na Oman, ina gramu 206 na imetoka Mwezini. Sayh al Uhaymir 094 imetoka Mars. Dira haina habari na mawe kama hayo. Hapo ndipo isotopu za oksijeni, yaani atomi zake zenye uzito tofauti, zinapoitwa: ukichora uwiano wake kwenye grafu, za Mwezi zinalingana na za Dunia, za Mars ziko juu kidogo ya mstari wa Dunia, na za Vesta chini yake. Ni maabara chache duniani, na kinachotakiwa ni miligramu chache. Kondraiti ya kawaida haihitaji gharama hiyo.

Vivyo hivyo kwa jiwe jeusi laini kama makaa. Herufi I katika CI, kundi la vimondo vya namna hiyo vyenye kaboni, ni ya Ivuna, Tanzania, kilikoanguka kimondo tarehe 16 Desemba 1938. Jiwe la namna hiyo hulainika na kumomonyoka likipata maji, kwa hiyo ukishuku hivyo acha kabisa kupima kwa chombo cha maji. Lifunge kwenye karatasi ya alumini, kavu, na utafute mtaalamu.

Kulingana na hali yako

Uko porini na jiwe bado liko chini: picha, GPS, dira. Usilioshe, usilisugue. Mahali lilipolala ni sehemu ya kipimo, kwani vipande viwili vilivyokaa karibu huenda ni vya kimondo kimoja kilichopasuka kikianguka.

Una jiwe moja dogo, chini ya gramu 50, na unalipenda lilivyo: dirisha la ukucha mmoja na kipimo cha mwitikio wa sumaku vinakutosha. Andika "kondraiti, kundi halijathibitishwa". Lebo hiyo ni ya kweli.

Una mawe mengi kutoka eneo moja: yapitishe yote kwenye vipimo vya mkononi, yapange kwa makundi ya namba zinazokaribiana, kisha toa moja au mawili ya kila kundi yaende kusagwa. Lisilofanana na lolote, hilo ndilo la kwanza.

Wewe ni mwanafunzi wa jiolojia Dodoma, Nairobi au Muscat: anza na kipande chembamba. Utajifunza zaidi kwa saa moja pale kuliko kwa jedwali la mikroprobu usilojua lilikotoka.

Unataka jina na namba: panga safari nzima kabla ya kukata. Kibali, sampuli ya kuhifadhiwa, kipande kilichong'arishwa kisichofunikwa, halafu mikroprobu.

Jiwe la shemeji yangu bado liko pale pale juu ya chokaa. Taarifa na namba za GPS ameshazipeleka wizarani, na kila akipita Haima hunitumia ujumbe kwamba hajaligusa.